Wageni wa Safu ya Sita

Kaskazini mwa Japani,
Aprili 2006

Baba yangu mpendwa,

Pokea salamu nyingi kuliko magunia ya mahindi yanayoingia Kitale wakati wa mavuno. Mko aje hapo nyumbani? Mvua imeshika Chwele au bado inawachezea? Shamba la kando ya mto mmelipanda, au ndugu yangu Wanjala bado anajipanga kama kawaida yake? Na yule ng'ombe mwekundu, amezaa? Mimi ni mzima kabisa. Theluji imeanza kuyeyuka, nimepunguza soksi kutoka jozi tatu hadi mbili, na juzi niliona ua la kwanza tangu mwezi wa kumi na moja nikalipigia makofi peke yangu barabarani. Mzee mmoja aliyekuwa akipita na baiskeli alisimama, akaniinamia kwa heshima zote. Nafikiri alidhani namshangilia yeye.

Nimeanza na mvua na ng'ombe kwa sababu ndiyo adabu. Sasa nauliza lile nililokuja kuuliza. Baba, ini lako linaendeleaje?

Tafadhali usimtazame Mama vibaya. Hakukushtaki. Mimi ndiye niliyemsikia kwenye simu anaongea kama mtu aliyeficha kitu chini ya leso, nikambana mpaka akakitoa. Alisema hivi, na nayaandika kama alivyoyasema: "Baba yako alienda Kitale kwa ile maumivu ya mbavu. Daktari akampiga picha, akasema maini imekua kubwa, iko na rangi haieleweki, arudi baada ya wiki mbili apimwe damu. Akarudi nyumbani, akachukua hiyo karatasi akaitia kwa mkebe ya mbegu, akafunga. Nikimuuliza ananiambia, Mama Wanjala, mimi nimeangalia maini miaka thelathini, hii mambo najua inaisha aje. Na saa hii amepatia Wanjala gamboti yake. Ati yeye haitaji tena."

Gamboti zako za kichinjioni, Baba! Zile ambazo hata mimi nikiwa mdogo nikizigusa ulikuwa unaniuliza kama nimeajiriwa na serikali.

Nimejaribu kuongea nawe kwa simu mara tatu. Kila nikitaja daktari unaanza, "Halo? Halo? Naliaka, network imepotea," na mimi huku namsikia jogoo wetu anawika vizuri kabisa. Ndiyo maana naandika. Barua haipotezi network, na mimi nakujua. Wewe husoma kila karatasi mpaka mwisho, hata gazeti lililofungiwa nyama. Basi keti, vaa miwani, na usiruke ukurasa.

Kazi yangu nimewahi kukueleza, lakini ulikuwa unacheka ukisikia samaki. Ngoja nikueleze kwa maandishi, ucheke pole pole. Kuna chumba kimoja chenye joto kama Kitale saa nne asubuhi, na ndani yake kuna matangi ya kioo yaliyopangwa safu nane. Kwenye matangi wanaishi samaki waitwao medaka. Aliye mkubwa hafikii urefu wa kidole chako cha mwisho. Zamani walikuwa wa mashamba ya mpunga tu, siku hizi ni wafanyakazi wenzangu. Mtu akitengeneza dawa mpya ya kunyunyizia mimea, lazima ijulikane kama ikiingia mtoni itadhuru nini. Kwa hiyo kila safu inawekewa maji yenye kipimo chake: nyingine maji matupu, nyingine dawa kidogo, nyingine dawa nyingi. Namba za safu zimechanganywa makusudi, na siri ya safu ipi ina nini imefungwa ndani ya bahasha kwenye kabati la mwalimu wangu, ambaye sote tunamwita Sensei, yaani Mwalimu.

Muda ukifika, samaki wanalazwa kwa dawa ya usingizi na hawaamki tena. Tunawaweka ndani ya nta, mashine inawakata vipande vyembamba kuliko ngozi ya kitunguu, tunavitia rangi ya waridi na ya zambarau. Ndiyo, Baba, zambarau kama ile ya muhuri wako wa kupigia nyama. Kisha mimi naketi kwenye darubini kuanzia asubuhi na kutazama maini. Ini la samaki huyu ni kama punje ya mchele, na mtoto wako amevuka bahari na milima kuja kulitazama.

Kitu kilichonichanganya mwanzoni ni karatasi ya kujaza. Ninyi kule kichinjioni mlikuwa na mafungu mawili tu: muhuri wa kupita au shimo la kutupia. Huku kuna mistari mingi. Ini lenye mafuta lina mstari wake. Lenye seli zilizokufa lina wake, lililovimba na kuwa jekundu lina wake, na lile lenye uvimbe unaoota, lile baya, nalo lina wake. Halafu kila mstari unapewa namba, kuanzia sufuri mpaka nne. Wiki ya kwanza nilikataa karibu majike wote. Maini yao yalikuwa na rangi nzito tofauti na madume, nikayaandikia ugonjwa kwa mkono thabiti wa mtoto wa mkaguzi wa nyama. Sensei alisoma karatasi yangu, akavua miwani, akasema kwa upole, "Hawa hawaumwi. Hawa wanajitayarisha kutaga mayai." Kumbe jike akiwa na mayai ini lake linafanya kazi ya ziada na rangi inabadilika. Nilitaka kuingia chini ya meza.

Lakini kuna jambo moja ambalo sikufundishwa hapa, kwa sababu nilikuja nalo. Sensei alinieleza kwamba anayesoma maini haruhusiwi kujua samaki ametoka safu gani, eti macho yasije yakaona yanachotaka kuona. Nikamwambia, hilo nalijua tangu darasa la nne. Nikamsimulia jinsi nilivyokuwa nakuletea chakula cha mchana kichinjioni wakati wa likizo, na jinsi ulivyowafanya wenye ng'ombe wasimame nje ya seng'enge, hata mwenyewe awe chifu, ili usijue ini unalopasua ni la ng'ombe wa nani. Nikamwambia kuhusu sherehe ya tohara ya Wanjala, ulipovaa koti jeupe nyumbani kwako mwenyewe, ukamkagua ng'ombe wako mwenyewe, ukapasua ini, ukakuta wale minyoo wanaofanana na jani, ukalitupa mbele ya mjomba aliyekuwa ameshika chumvi mkononi. Mjomba akapiga kelele, "Shemeji, hiyo si tukate tu pahali pabaya, bana!" Nawe ukajibu, "Mimi sijui hii ng'ombe ni ya nani." Sensei alicheka mpaka akatoa leso. Aliniomba nikusalimie. Anakuita Mkaguzi.

Na kuna ile kanuni yako nyingine uliyoniambia siku nilipoonyesha ini kwenye ndoano nikasema limeoza. "Wewe mtoto, umelipasua? Kama hujapasua, nyamaza." Hiyo naiweka kando kwanza. Nitairudia, na wewe unajua nitairudia.

Sasa sikia nilivyojiharibia.

Mwaka mpya huku ni kama Krismasi kwetu, kila mtu anakwenda kwao. Mimi kwa kuwa kwetu ni mbali nikasema nitabaki kulisha samaki. Walifurahi sana. Mama Sato, mama wa makamo anayeosha matangi, alinionyesha kijiko. Baba, kile kijiko ni cha kumlishia mchwa. Unachota mara moja, unapangusa juu kisawazike, unatia, unaondoka. "Moja tu, Nariaka," akasema. Huku wote wanachanganya l na r, kama watu wa kwetu, kwa hiyo nikifumba macho najiona niko Sirisia sokoni.

Siku ya kwanza nilitii. Siku ya pili pia. Nilikuwa nakula chakula changu cha mchana kwenye kiti karibu na dirisha, na safu iliyokuwa mbele ya uso wangu ilikuwa ya sita. Nikifungua chakula changu tu, wanakuja wote juu, midomo wazi, wananitazama. Sasa mimi ni mtoto wa nani? Nimelelewa na mwanamke ambaye mgeni akisema ameshiba anamwongezea ugali ili ahakikishe. Wageni wa Mama huondoka wakiwa wameshika tumbo kwa mikono miwili na bado anawafuata mpaka barabarani na ndizi. Mimi nitakaaje nakula, viumbe vya Mungu vinanitazama, halafu nivipe nusu ya kichwa cha njiti ya kiberiti? Nikawaongeza kijiko. Wakashukuru, au mimi niliona wameshukuru. Kesho yake vijiko viwili. Likizo ikaisha, lakini kila zamu yangu ikifika niliendelea, kwa sababu sasa walikuwa wamenizoea na niliona haya kuwapunguzia. Safu nyingine nilizipa kipimo cha sheria. Safu ya sita ilikuwa sebule yangu.

Mwezi wa pili tukachukua samaki wa kusoma kutoka kila safu. Nikasoma kwa siku nyingi, bila kujua nani ni nani, kama sheria inavyotaka. Kulikuwa na kundi moja lililonisikitisha sana. Maini yamejaa mashimo meupe, kama povu la maziwa yaliyokamuliwa sasa hivi. Nikaandika: mafuta, tatu. Mafuta, tatu. Mafuta, nne. Sensei naye akasoma peke yake, akapata vivyo hivyo. Tukafungua bahasha. Kundi lile lilikuwa limepewa dawa kidogo sana, na waliopewa dawa nyingi maini yao yalikuwa afadhali. Sensei akakuna kichwa. Hilo si jambo la kawaida, akasema, lakini kama kipimo kidogo hivi kinaharibu ini kiasi hiki, lazima waliotengeneza dawa waambiwe. Akachukua kalamu. Kisha akasoma namba ya safu kwa sauti.

Safu ya sita.

Wale walikuwa wageni wangu, na mimi mwenyewe nimewasoma na kuwahukumu bila kuwatambua. Haikuwa dawa. Ilikuwa mimi.

Nitakuambia ukweli, kwa sababu ndio maana ya barua hii. Sikusema kitu. Nilijua mkataba wangu unaisha mwezi wa tatu, na nilijua mtu anayevuruga kazi ya miezi haongezewi mwingine. Nilichukua kile kijiko nikakificha ndani ya droo yangu, chini ya vitambaa, sijui kwa nini, kama kwamba kijiko ndicho kingesema. Nikamwambia Mama Sato kimepotea. Kwa siku mbili nilicheka na watu, nikala, nikaulizwa kama niko sawa nikajibu niko sawa, na kila nikifungua droo hiyo nilikuwa nafungua kidogo tu, nachukua kalamu, nafunga haraka. Nilidhani mimi ndiye mtu pekee katika ukoo wetu anayeweza kuficha kitu ndani ya chombo na kukaa juu ya kifuniko. Bado sikuwa nimesikia habari ya mkebe wa mbegu.

Siku ya tatu nikakukumbuka na mjomba na ile chumvi yake, nikaona aibu. Nikaenda ofisini kwa Sensei na kijiko mkononi. Huku wanainama wakiomba radhi, na mimi kwa woga niliinama kama wao nikapiga goti kama kwetu, vyote kwa pamoja, karibu nianguke kwenye meza yake. Nikamweleza yote.

Alikipokea kile kijiko, akakigeuza kwenye mwanga wa dirisha. Kisha akauliza, "Kiasi gani?"

"Mara mbili. Siku nyingine mara tatu."

"Kwa nini safu hiyo?"

"Ndiyo iliyokuwa inanitazama nikila."

Nikamweleza kwamba kwetu mtu akikutazama na wewe umeshika chakula, humpi kijiko kimoja ukageuka. Mama Sato alikuwa mlangoni na ndoo. Yeye ndiye aliyeanza kucheka. Alicheka mpaka akaweka ndoo chini, na Sensei akajaribu kubaki na uso wa mkubwa wa kazi lakini mabega yalimsaliti.

Halafu akawa mtu wa kazi tena. Alisema safu ya sita haitahesabiwa, itarudiwa na samaki wapya, na mimi nitaandika kosa langu kwenye faili kwa mkono wangu na jina langu chini. Hilo liliuma na lilistahili kuuma. Lakini akauliza pia, "Wamebaki wangapi hai katika safu hiyo?" Nikasema kumi na wawili. "Warudishe kwenye kijiko kimoja," akasema. "Tungoje wiki nne. Tuone ini linafanya nini likipewa nafasi."

Mimi nilijua jibu, Baba. Nilijua kama wewe unavyojua. Ini likishakuwa hivyo, limekwisha. Nilikuwa nawapa kijiko kimoja kila siku nikiwaomba msamaha kimoyomoyo, nao wananitazama kama mtu aliyebadilika tabia baada ya kupata kazi serikalini. Ni katika wiki hizo za kungoja ndipo nilipombana Mama kwenye simu, akaniambia habari zako. Basi nikawa nalisha samaki huku nalia. Mama Sato alifikiri nawahurumia wao kwa njaa, akaniletea figili za chumvi.

Wiki iliyopita tumewasoma. Nilikaa kwenye darubini kama mtahiniwa. Wa kwanza: laini. Nikadhani wamenichanganyia na wa maji matupu. Wa pili: laini, mashimo machache tu pembeni. Wa tatu, wa nne. Yale maini ya povu niliyoyaandikia tatu na nne yalikuwa yamejisafisha yenyewe, kimya kimya, kwa kijiko kimoja na muda. Nilipiga kelele kwa Kibukusu na watu wa chumba cha pili wakaja mbio wakidhani nimejikata.

Sitakudanganya, na wewe usingependa nikudanganye. Kumi na mmoja walikuwa hivyo. Mmoja hakuwa. Yeye alikuwa na uvimbe mdogo unaoota, mdogo sana, kwenye mstari ule mbaya. Haukutokana na vijiko vyangu, wala hatujui umetoka wapi. Lakini tulipomwona tulimwona mapema, na tulimwona kwa sababu tulirudi kutazama mara ya pili. Tungefunga faili mwezi wa pili, wote kumi na wawili tungewaita jina moja.

Kwa hiyo, Baba, mimi sisemi ini lako ni la mafuta. Sisemi ni zima. Sijui. Hilo ndilo ninalotaka kukuambia kwa herufi kubwa: sijui, daktari wa Kitale hajui bado, na wewe hujui. Umeona karatasi moja na ukajigongea muhuri. Umeshalipasua? Kama hujapasua, nyamaza! Hayo si maneno yangu, mwenyewe unayatambua.

Na nikuambie kitu nilichokiona nikiwa nimekaa pale na vioo kumi na viwili mbele yangu. Miaka thelathini umeangalia maini, hakuna mtu Bungoma wala Kitale wa kukubishia. Lakini maini yote uliyoyaona yalikuwa ya ng'ombe waliokwisha kuchinjwa. Hujawahi hata siku moja kuona ini la aliye hai. Yale uliyotupa shimoni hayakupewa wiki nne za kijiko kimoja, hayakupewa dawa, hayakurudi kupimwa damu, kwa sababu mwenyewe alikuwa tayari ananing'inia kwenye ndoano. Hata samaki wangu, ili nione kwamba wamepona, ilibidi wafe. Wewe wanaweza kukutazama na ukarudi nyumbani kunywa chai. Wewe uko hai, Baba. Kanuni za kichinjio hazikuhusu.

Nakuogopea sana. Nimeandika utani mwingi kwa sababu ndivyo tunavyoongea mimi na wewe, lakini nakuogopea, na nikiwaza kwamba umekaa hapo unagawa vitu vyako kwa upole namna hiyo nakosa usingizi. Usigawe kitu kingine chochote.

Kwangu mimi mambo yametulia. Sensei ameongeza mkataba wangu mwaka mmoja. Karatasi ya kujaza sasa ina mstari mpya, juu kabisa kabla ya magonjwa yote, wa ini la aliyelishwa sana, ili atakayefuata asimwite mgonjwa mtu aliyeshiba. Maini ya safu ya sita yamewekwa kwenye sanduku la mfano la kufundishia wageni wa maabara, na juu yake Mama Sato ameandika kwa hati yao neno moja: Kenya. Kijiko nimenyang'anywa rasmi. Na mlangoni kuna tangazo la kukataza kuwaongeza samaki chakula, la Kijapani, la Kiingereza na la Kiswahili. Huku anayesoma Kiswahili ni mimi peke yangu.

Msalimie Mama, na umwambie samaki wake wa Japani wanamshukuru kwa malezi. Mwambie pia akupunguzie ugali kidogo bila kuona kwamba anavunja heshima ya nyumba. Msalimie bibi yetu Kukhu, umsomee barua hii kwa sauti ya juu upande wa sikio zima, na usimrukie sehemu zinazokuhusu. Msalimie mjomba, mwambie nasikitika bado kwa lile ini la tohara. Majirani wote wa njia ya Chwele wanaouliza kama huku watu wanakula samaki wabichi, waambie ndiyo, lakini si wa kwangu.

Na Wanjala umsalimie mwisho, kwa sababu nina ujumbe wake. Mwambie avue gamboti hizo. Najua miguu yake ni mikubwa na atazipasua. Mpango wenyewe ni huu: wewe na Mama mtakwenda Kitale, mtapeleka ile karatasi iliyo kwenye mkebe, na utawaachia wakupime wanavyotaka, kisha ukirudi uziweke gamboti zako mlangoni. Sitakuuliza kwa simu, ili network isipate shida. Nikipiga nitamwuliza Mama kitu kimoja tu, kama gamboti za Baba ziko mlangoni au hazipo. Akisema zipo, nitajua umekwenda, na matokeo tutayasoma pamoja, mstari kwa mstari.

Mimi ni mtoto wako aliyesimama nje ya seng'enge, anayeijua hii ng'ombe ni ya nani,

Naliaka